Cherehani cha Akina Mama wa Arorae

“Hivi wewe, huko kusini unakwenda kumwona mwanao au unakwenda kuonekana?”

Swali hilo aliwahi kulitupa Nei Katarake, jirani yake Nei Kinaai pale Betio, kisiwani Tarawa, siku alipomkuta ameketi mlangoni anakishonea cherehani gunia, kwa uangalifu wa mtu anayemvisha maiti sanda. Kinaai alimtazama jirani, akazitazama na nguo za jirani kwenye kamba, moja imechanika bega tangu Krismasi na haijaguswa, kisha akaendelea na sindano yake ya gunia. Alijisemea moyoni kwamba wanaouliza maswali ya namna hiyo ni wale ambao kwao hata kwenda kisimani ni safari.

Cherehani chenyewe kilikuwa cha mkono, cheusi, kizito kuliko kilivyoonekana. Marehemu mumewe, Ioteba, alikileta enzi alipokuwa baharia kwenye meli za Wajerumani. Kinaai alishona nacho miaka ishirini na miwili, mpaka macho yake yakakataa kabisa kuona tundu la sindano ndogo. Sasa alikuwa anampelekea binti yake wa pekee, Taoati, aliyeolewa Arorae, mwisho kabisa wa visiwa vya kusini. Kwa mwaka mzima Taoati alikuwa ameandika barua moja tu, nayo fupi. Alisema mama mkwe wake hupenda kuwaambia wageni kwamba mke wa mwanawe alikuja na chanuo na mikono miwili. Alisema kisiwa kizima hakina cherehani kinachofanya kazi. Mwisho aliandika: “Mama, nikiwa na cherehani nitakaa kwao kama mtu.”

Kinaai aliisoma barua hiyo mara nyingi hadi mikunjo ikatoboka.

Meli iliitwa Nyota ya Kusini, na ilikuwa na kila kitu cha meli isipokuwa haraka. Abiria walilala sitahani chini ya turubai, kati ya mifuko ya saruji na nguruwe watatu waliofungwa miguu. Nguruwe, kwa maoni ya Kinaai, ndio waliokuwa na adabu. Vijana walicheza karata tangu asubuhi. Wanawake wawili wa Nonouti waliwasema watu mpaka wakaishiwa na watu, wakaanza kuwasema upya wale wale. Kinaai alitandika mkeka wake, akaliweka gunia kichwani mwa mkeka kama mto, akafungua Biblia yake na kusoma kwa sauti ya kutosha ili wacheza karata wasikie.

Kapteni, Ten Bureimoa, alikuwa mtu wa tumbo la kutangulia, mwenye ahadi za kutosha visiwa vyote.

“Mama, vumilia,” alimwambia siku ya kwanza. “Kesho tuko Abemama. Abemama ni bandari, siyo mchezo. Utakunywa chai na mkate wa moto, utaoga maji baridi, utajiuliza kwa nini unaishi Betio.”

Walifika Abemama. Bandari ilikuwa banda moja la kuhifadhia nazi kavu, lenye mlango uliolala. Duka lilikuwepo, tena na kufuli kubwa. Mwenye duka alikuwa amekwenda mazikoni upande wa pili wa kisiwa, na mke wake amemfuata kwa sababu ufunguo anao mume. Mzee aliyekuwa kivulini aliwaeleza hayo bila kuinuka.

“Na mkate?” Kinaai aliuliza.

“Mkate ulikuwepo,” mzee alisema. “Pasaka.”

Kinaai alirudi melini akiwa amebana midomo. “Kapteni, nimeiona bandari yako. Ina kufuli zuri.”

“Mama, Abemama imeharibika siku hizi. Ngoja Nonouti.”

Nonouti waliikuta maji yamekupwa. Mashua ilikwama mbali, abiria wakashuka na kutembea juu ya miamba, maji magotini, kwa muda wa kumaliza zaburi tatu ndefu, na Kinaai alizimaliza. Huko mbele waliponyanyua macho waliona kibao kilichoandikwa KARIBUNI, kikiwa kimepinduka. Mabomba yalikuwa yamekauka. Mwuguzi, ambaye watu wa Nonouti walimsifu njia nzima, alikuwa Tarawa, amekwenda kutibiwa. Wale wasengenyaji wawili walishuka hapo, nao wakapokewa kwa furaha kubwa mno. Kinaai alitazama, akajiambia kwamba kisiwa chenye njaa ya habari kiasi hicho hakichagui mleta habari.

“Sasa hiyo siyo bandari, hiyo ni adhabu,” alimwambia kapteni alipopanda tena, sketi inamchuruzika.

“Tabiteuea, mama. Tabiteuea ndiyo penyewe.”

“Kapteni, wewe ungekuwa mhubiri, watu wangechoka kungoja mbingu.”

Wacheza karata walicheka, naye hakukasirishwa na kicheko chao, maana safari hii waliochekwa walikuwa wengine.

Tabiteuea ilikuwa jambo jingine. Si kwamba palikuwa pazuri zaidi. Ni kwamba Ioteba alikuwa na ndugu huko, na mjane hapiti kisiwa cha ndugu wa mumewe bila kushuka. Kinaai alishuka mikono mitupu kwa makusudi, na ile sketi kuukuu. Alijua anakokwenda. Kwa ndugu hawa, mtu akishasema “nakububuti shati hilo,” unalivua. Bubuti, ombi la ndugu kwa ndugu, haikataliwi. Anayekataa huvuliwa jina lake, na jina halina gunia la kulifichia. Kwa hiyo alikiacha cherehani melini, kimefungwa ndani ya gunia, gunia ndani ya mkeka, akaenda kula magimbi ya watu na kurudi.

Kumbe wenyeji wana miguu. Walipokuwa wanapakia nazi kavu, mashua ilimleta Nei Bwenaata, binti wa baba mdogo wa Ioteba, wifi yake Kinaai kwa hesabu za ukoo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya asali na macho ya forodhani. Alileta zawadi za kuagana: samaki wakavu, keki ya matunda ya mkadi, na kilio kidogo. Akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya gunia.

“Uwii, wifi! Nimekalia nini, kaburi la kaka yangu?”

“Vyombo tu, wifi. Njoo huku kwenye mkeka.”

Lakini Bwenaata alikuwa tayari amepapasa gurudumu, akapapasa mpini, uso wake ukafunguka polepole kama dirisha.

“Wifi. Hiki ni kile cherehani cha kaka.”

Kinaai aliusogeza mkeka karibu.

“Kile alichokileta kutoka Ulaya. Mimi niliwahi kukizungusha, nikiwa msichana! Wifi yangu, mabinti zangu wanne wanashona kwa mkono kama wafungwa. Sasa mimi...”

Ombi lilikuwa linakuja, limeshavuka meno. Kinaai aliliona kama mtu aonavyo wimbi likijikusanya. Kusema ni cha Taoati kusingesaidia chochote, kwa kuwa Bwenaata ni shangazi, na cha mtoto ni cha shangazi kabla hajakiomba. Mtu anayetaka kuponyoka bubuti ana njia moja tu, nayo inajulikana visiwa vyote: ni kusema kitu si changu, kina mwenyewe. Wengine humtaja rafiki aliye mbali. Kinaai, mwenye akili kuliko wengine, alitafuta mwenyewe ambaye hakuna ndugu angethubutu kumwomba.

“Si changu tena,” alisema. “Nimekitoa. Ni cha akina mama wa kanisa la Arorae. Mimi nakibeba tu.”

Bwenaata alifunga mdomo. Akainuka juu ya gunia, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

“Cha kanisa?”

“Cha kanisa.”

“Wifi, wewe ni mtu wa Mungu kweli kweli. Mimi nimeishi miaka arobaini na mitatu, sijaona mtu akitoa cherehani.” Alimtazama kwa utulivu. “Meli inaondoka saa ngapi?”

“Wakimaliza kupakia.”

“Basi nishikie nafasi hapo kando yako. Naenda kuchukua mkeka wangu. Jambo kama hili nataka nilione kwa macho.”

Akaenda kweli. Na njiani, kwa wema wake, alipitia ofisi ya kisiwa penye redio, akamwomba opereta awape salamu watu wa Arorae: kwamba mjane wa Ioteba anakuja na cherehani cha akina mama, wajiandae. Aliporudi alimweleza Kinaai jambo hilo huku akikung'uta mkeka.

“Nisingependa ufike watu hawajui, wifi. Zawadi kubwa namna hiyo ipokewe kinyonge!”

“Asante,” Kinaai alisema.

Kuanzia hapo safari ilibadilika ladha. Bwenaata alikuwa mwenzi mwema kupita kiasi. Alimpepea. Alimpa kipande kikubwa cha samaki. Mtu akipita karibu na gunia alimkaripia: “Angalia mguu wako, mali ya kanisa hiyo!” Kapteni alisikia, akaja kuvua kofia. Wacheza karata waliacha kucheza kwa heshima ya gunia, na Kinaai akagundua kwamba angependa waendelee.

“Hebu tusomee, wifi,” Bwenaata alimwambia. “Mwanzo ulikuwa unasoma kwa sauti, wananiambia.”

“Macho yananisumbua.”

“Basi nikusomee mimi.” Akakichukua kile Kitabu, akasoma hadithi ya Anania na mkewe, wale waliosema uongo juu ya mali waliyoitoa. Alisoma pole pole, kama anayefundisha mtoto. Alipomaliza alisema, “Watu wa zamani walikuwa na mambo!” akamenya kipande cha samaki.

Hapo Kinaai angeweza kusema. Walikuwa wawili tu mkekani, na bahari haisimulii mtu. Lakini alimtazama wifi yake anavyotafuna, mafuta yanang'aa kidevuni, akaona hawezi kumpa mtu kama yule furaha hiyo. Akaomba kimya kimya upepo wa kuirudisha meli nyuma. Upepo ukavuma vizuri sana kwenda mbele.

Onotoa walishusha saruji na nguruwe mmoja. Kapteni alikuwa amewaahidi ngoma. Waliokuja kuwalaki ni mbwa wawili na karani aliyetaka kujua kwa nini saruji imelowa. Siku nyingine Kinaai angepata maneno ya kutosha hadi Arorae. Safari hii aliitazama Onotoa, ikawa kisiwa tu, mchanga na minazi, haijamkosea mtu.

“Leo mama hana neno?” kapteni aliuliza, karibu kwa masikitiko.

“Bandari ni nzuri,” Kinaai alisema.

Arorae haina mlango wa bahari. Meli husimama nje, inayumba, na mashua hungoja wimbi, hulipanda na kukimbia nalo juu ya mwamba. Mabaharia waliliteremsha gunia kwa kamba, na kwa muda mmoja lilining'inia juu ya maji ya buluu yasiyo na mwisho, likizunguka taratibu. Kinaai alijikuta anaitazama ile kamba na kuiombea ikatike. Haikukatika. Vitu vya meli hiyo vyote vilikuwa vimeoza isipokuwa kamba hiyo.

Pwani walisimama akina mama, safu mbili, nguo nyeupe, mashada ya maua vichwani, wanaimba. Wimbo ulikuwa mpya, umetungwa kwa siku mbili, na ulikuwa na jina lake ndani. Walimvika shada, wakamvika na cherehani shada. Taoati alitoka kwenye safu akamkumbatia. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa anacheka.

“Mama,” alimnong'oneza. “Kwa nini hukuniandikia? Kwanza nilidhani umenisahau.”

“Nitakueleza, mwanangu.”

“Usieleze kitu. Hujui ulilonifanyia. Mama mkwe leo kaniamsha kwa jina langu!”

Wakaongozana hadi maneaba, ukumbi mkubwa wa kijiji, paa lake limeshuka hadi kiunoni, kila ukoo mahali pake pa tangu na tangu. Wazee walikaa mbele. Cherehani kiliwekwa katikati, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, kimevuliwa gunia lake. Kilikuwa kimepata kutu kidogo gurudumuni. Bwenaata alikaa bega kwa bega na Kinaai, ameshika mapaja yake kama mtu anayesubiri chakula.

Nei Rakera, mke wa mchungaji, alisimama. Alikuwa mama mwembamba, mwenye mpango.

“Wazee wetu, akina mama. Cherehani hiki tutakiweka nyumba ya akina mama, Jumanne kwa Jumanne. Kila mwenye nguo ataleta. Watoto wa shule hawatavaa viraka tena. Na kwa kuwa mtoaji ni mama yake, tumekubaliana mshika ufunguo na mfundishaji wa wengine awe Taoati.”

Makofi yakapigwa. Mama mkwe wa Taoati, mwanamke ambaye Kinaai alikuwa amemdharau mwaka mzima kwa sababu ya ile barua, aliweka mkono begani kwa Taoati mbele ya kisiwa chote na kusema kwa sauti, “Mkwe wangu huyo!” Taoati aliinamisha uso. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

Kinaai alihesabu jambo hilo lote kwa haraka, akaliona limekaa sawa. Binti atakaa kwao kama mtu, tena zaidi ya mtu. Lililohitajika kwake ni kutikisa kichwa kwa kukubali tu, na kichwa chake tayari kilikuwa kinatikisika.

“Sasa,” alisema Nei Rakera, “tunamwomba mama yetu asimame, atuambie Bwana alimgusaje moyo hadi akakitoa. Halafu atuombee kwa maneno yake.”

Watoto walinyamazishwa. Wazee walifumba macho.

Kinaai alisimama. Alifumba macho naye, akafungua mdomo, akasema, “Baba yetu,” akakwama. Kuwadanganya watu alikuwa ameshawadanganya, na usingizi alilala. Lakini huku macho yamefumbwa hakuna watu, yupo Mungu tu. Mzee mmoja akafumbua jicho.

“Hakunigusa moyo,” Kinaai alisema.

“Sema kwa nguvu, mama,” mzee alisema.

“Bwana hakunigusa moyo. Sikukitoa. Nilikuwa namletea binti yangu. Huko Tabiteuea wifi yangu alitaka kunibubuti, nikasema ni cha kanisa ili aniachie. Ndivyo ilivyokuwa. Nilidanganya kwa jina la kanisa, na njia nzima nikawasema watu kwa umaskini wao na uvivu wao. Sikukutana na mwongo yeyote isipokuwa mimi.”

Mzee mmoja, mwenye meno yaliyolegea, akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, na wengine wawili wakamfuata. Si kwa ubaya, maana hakuna mzee pale ambaye hajawahi kuficha kitu asibubutiwe. Akina mama hawakucheka. Walikuwa wametunga wimbo. Nei Rakera alikaa chini pole pole, akalivua shada lake na kuliweka mapajani. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeondoka begani kwa Taoati, na hakuna aliyeona ulipoondoka.

Bwenaata alimgeukia Kinaai. Sauti yake ilikuwa laini kabisa.

“Kwa hiyo kumbe si cha kanisa.”

“Si cha kanisa.”

“Ni chako, wifi.”

“Ni changu.”

“Basi wifi yangu, mbele ya wazee hawa, nakububuti cherehani cha kaka yangu.”

Mtu fulani nyuma alisonya. Nei Rakera alimtazama mumewe, mchungaji, naye mchungaji aliutazama mkeka. Hakuna sheria ya kumzuia Bwenaata. Ndiyo ilivyo bubuti, na kila mmoja pale alikuwa amewahi kula kwayo. Kinaai alijua kwamba angeweza kukataa. Watu waliokwisha kumwona mwongo wangemwona na mchoyo, tofauti si kubwa. Lakini alikuwa ametoka tu kusema kweli, na hakuwa na nguvu ya kutafuta mlango mwingine wa uani.

“Chukua,” alisema.

Bwenaata aliinuka, akakiendea kile cherehani, akakikumbatia kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito. Alitazama huku na huku kwa mtu wa kumsaidia, vijana kumi wenye misuli wakawa wanachunguza paa. Akakibeba mwenyewe hadi kwenye mkeka wake, anahema, shada la maua limening'inia kwenye mpini. Akaketi kando yake, akaweka mkono juu yake, asimtazame mtu.

Kinaai aligeuka kumtafuta binti yake. Taoati alikuwa tayari amesimama. Hakuwa analia, Kinaai angeshukuru kama angelia.

“Mwanangu,” alisema.

“Ungenyamaza tu, mama,” Taoati alisema. “Mara moja tu, kwa ajili yangu.”

“Nisingeweza kuomba na—”

Lakini Taoati alikuwa ameanza kwenda. Katika maneaba mwanamke anayepita mbele ya wazee huinama hadi mgongo ulale, tangu akiwa mtoto hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusema. Taoati alipita mbele ya wazee wa Arorae amenyooka wima, akapita mbele ya mama mkwe wake, akapita mbele ya mama yake, akafika ukingoni mwa paa, hapo tu akainamisha kichwa kwa sababu paa ni fupi, akatoka nje juani.